Usiku mmoja Dar: uende kwenye bendi gani? (Historia ya dansi kwa mama zangu, sehemu ya 1 hadi ya 6)

SEHEMU YA 1: SWALI LA KLINIKI

Ni nesi wenu wa Katandala. Leo sizungumzii chanjo wala uji wa lishe, ingawa mwishoni najua vitaingia tu, mnanijua.

Wiki hii alikuja mama mmoja kijana kupima uzito wa mtoto. Mtoto ana miezi saba, mnene mashaallah, anacheka na kila mtu. Nilipomaliza kuandika kadi, yule mama hakunyanyuka. Akaangalia mlangoni, akashusha sauti kama mtu anayetaka kuuliza habari za uzazi wa mpango.

"Nesi, tunakwenda Dar wiki ijayo, mume wangu ana semina. Tutafikia kwa wifi yangu Sinza. Wifi kasema siku moja atabaki na mtoto, sisi tutoke. Mimi nataka kusikia bendi. Siyo simu, siyo redio. Nataka nimwone mtu anapiga gitaa mbele yangu. Sasa niende wapi? Na je, nikimwacha mtoto nikaenda dansini, mimi ni mama wa namna gani?"

Nikamwambia swali la kwanza gumu, la pili jepesi, na yote mawili nitamjibu huku, kwa sababu najua hayuko peke yake. Kutoka hapa Sumbawanga hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,000. Mtu akifunga safari hiyo na mtoto mgongoni, akapata usiku mmoja tu wa kupumua, ana haki ya kuuliza autumie vipi.

Mimi si mwanahistoria. Ila swali hili la "leo twende kwenye bendi gani" lina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani, na kwetu nyumbani lina historia yake pia, ambayo mama yangu kaniruhusu niiseme. Mwaka 1991 mama yangu aliwahi kuulizwa swali hilo hilo, Dar, usiku mmoja. Jibu alilochagua lilibadilisha nyumba yetu. Nitafika huko, msinikimbize.

SEHEMU YA 2: ZAMANI HUKUCHAGUA USIKU, ULIZALIWA NA UPANDE

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya gitaa la umeme, pwani kulikuwa na beni. Hizi zilikuwa ngoma za mashindano, watu wamevaa sare, wana vyeo kama vya jeshi, na tarumbeta zinaliza mtaa mzima. Makundi mawili yaliyosifika sana yalikuwa Marini na Arinoti. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliibeba beni hadi bara ndani kabisa.

Sasa jambo la kujua ni hili: mtu wa Marini hakukaa kitako jioni akajiuliza "leo niende kwa nani?" Alikuwa wa Marini. Ndugu zake wa Marini, akifiwa wanaomzika ni hao hao. Ngoma ilikuwa burudani, lakini pia ilikuwa chama cha kusaidiana.

Wanawake nao walikuwa na yao. Lelemama, kwa mfano, ilikuwa ngoma ya akina mama, na ina viongozi wake, michango yake na sare zake. Mnaofikiri vikoba na michezo ya kupeana hela ni mambo ya juzi, bibi zetu wa pwani walishafanya, tena kwa kuimba.

Na hapa ndipo historia ya nchi inapoingia. Mwaka 1955 TANU ilitaka wanawake wajiunge. Aliyepewa kazi hiyo Dar alikuwa Bibi Titi Mohamed, na alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba. Hakuanza kugonga mlango mmoja mmoja. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaita wanachama wao. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wameshachukua kadi. Kwa hiyo siku mtu akikwambia mwanamke anayependa ngoma hana akili ya maana, mwulize Uhuru anadhani ulipiganiwa na watu waliokaa kimya?

Huku dansi nayo ilikuwa inakua. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Neno "jazz" lisiwachanganye, hawakuwa wanapiga muziki wa Wamarekani weusi kama ulivyo. Ilikuwa namna ya kusema "sisi ni bendi ya kisasa". Zikafuata nyingine: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz. Salum Abdallah wa Morogoro na Cuban Marimba yake walisikika kila kona mpaka alipofariki mwaka 1965. Santuri za rumba kutoka Cuba zilikuwa zimefika, vijana wakazisikiliza wakatia Kiswahili.

Huku kwetu Ufipa hatukuwa na mji wa reli. Lakini babu zetu walikwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge kule mashariki, wengine kwenye migodi upande wa Zambia. Waliporudi hawakuleta blanketi tu. Walirudi na nyimbo.

SEHEMU YA 3: BENDI ZENYE MSHAHARA

Baada ya Uhuru likatokea jambo ambalo vijana wa leo mkiambiwa mtacheka. Wanamuziki wakaajiriwa.

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. Chama kilinunua vyombo, wanamuziki wakalipwa mshahara kama karani au fundi. Wengine wakaiga. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz. Umoja wa vijana wa TANU ukawa na Vijana Jazz. Polisi na jeshi wakawa na bendi zao, na baadaye shirika la bima likawa na BIMA Lee, na mabasi ya Dar yakawa na UDA Jazz. Yaani ofisi inayokukatia bima ya gari ina wapiga gitaa!

Sababu yake ni rahisi ukiifikiria. Magitaa, ngoma za kizungu na vipaza sauti vilitoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa haba. Kijana wa mtaani hakuweza kununua seti nzima ya vyombo. Shirika liliweza. Kwa hiyo aliyekuwa na vyombo ndiye aliyekuwa na bendi, na mpigaji akigombana na wenye vyombo anaondoka na sauti yake tu.

Na waliondoka, jamani. Mwaka 1978 ikaanzishwa Mlimani Park Orchestra, na Muhidin Maalim Gurumo, sauti kubwa ya NUTA (wakati huo imeshakuwa JUWATA), akawa miongoni mwa waliohamia huko. Mwaka 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Mwaka 1985 Gurumo akahamia Orchestra Safari Sound, na baadaye akarudi tena nyumbani kwa bendi ya wafanyakazi. Hassan Rehani Bitchuka naye alihama na kurudi, akaacha mashabiki pande zote mbili wakimlilia.

Mitaa ikagawanyika. JUWATA walikuwa Msondo. Mlimani walikuwa Sikinde, Ngoma ya Ukae. Sikinde ni jina la ngoma ya Wazaramo, na Msondo nalo ni jina la ngoma. Angalia hapo: magitaa ya umeme, suti, lakini majina yametoka kwenye ngoma za kina bibi. Msondo na Sikinde walikuwa kama Simba na Yanga, na wakikutanishwa siku ya sikukuu, ukumbi unafurika mpaka nje.

Halafu kulikuwa na wale waliotoka Kongo. Orchestra Maquis du Zaire walifika Dar mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaweka maskani Ubungo kwenye ukumbi wa White House, na mtindo wao wakauita Kamanyola bila jasho. Walikuwa watanashati. Watu walikwenda kucheza, na pia kuangalia nguo.

Kwa hiyo ukiwa Dar mwaka 1980, jioni ya Jumamosi, swali linakuja kweli kweli. Mlimani Park kwa Sikinde? Ubungo kwa Maquis? Kinondoni kwa Vijana? Na ulichagua kwa vitu hivi:

Kwanza, nani anaimba wiki hii, kwa sababu wanahama.

Pili, umbali na usafiri wa kurudi, kwa sababu basi la mwisho likikuacha, unalala ukumbini.

Tatu, wimbo mpya. Hapa ndipo penyewe. Redio ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilikwenda kurekodi studio za redio na wimbo ukapigwa nchi nzima, sisi huku Sumbawanga tukausikia kwenye redio ya mbao. Lakini wimbo ulizaliwa ukumbini. Bendi iliupiga wiki baada ya wiki, ikiangalia watu wanainuka au wanakaa, ikabadilisha maneno, ndipo ukaenda studio. Na kama studio wakisema huu hapana, basi ukumbini ndipo pekee utakapousikia.

Shikeni hilo la mwisho. Ndilo lililomkuta mama yangu.

SEHEMU YA 4: MAMA YANGU NA SOKSI

Hii naiandika taratibu.

Mwaka 1991 mama yangu mdogo alikuwa anaumwa. Nilikuwa mtoto, nakumbuka mikono yake tu, ilivyokuwa myembamba. Alikuwa ameolewa na mtu wa biashara za Tunduma, mume akatangulia kufariki. Hapa Katandala watu walishajua jibu: karogwa. Mnajua mji wetu unavyosemwa. Jina lenyewe la Sumbawanga linaelezwa kuwa maana yake ni "tupa uchawi", na watu wa mbali wakisikia tunatoka huku wanasogeza kiti. Kwa hiyo ugonjwa usioeleweka haukukosa mtu wa kulaumiwa. Alilaumiwa wifi yake, mama mtu mzima aliyekuwa anaishi peke yake.

Mama alimpeleka mdogo wake Dar kwenye hospitali kubwa. Wakakaa wiki tatu. Jioni alikuwa anarudi kulala kwa ndugu yetu mmoja mtu wa Manzese, mtu mkarimu sana. Jumamosi moja yule ndugu alimwona mama hali, halali. Akamwambia, "Dada, leo mgonjwa ana mtu wa kumwangalia. Wewe utaanguka. Twende tukasikilize muziki saa mbili tu. Kuna Sikinde, kuna JUWATA, kuna Remmy. Chagua."

Mama anasema alichagua Remmy kwa sababu ndiko kiingilio kilikuwa nafuu, na kwa sababu alishamsikia redioni akiimba habari za kifo na wanyonge, akadhani ni mtu wa huzuni kama yeye.

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947. Alikuja Dar mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy ya mjomba wake, halafu akaongoza Matimila. Watu walimwita Dokta. Mwaka 1988 alikuwa ameshakwenda Ulaya kupiga kwenye matamasha makubwa, na mwaka 1989 albamu yake ilitoka Uingereza. Lakini Dar alikuwa ni mtu wa mtaa. Mpaka leo kuna kituo cha daladala kinaitwa Sinza kwa Remmy, wifi mtu wa yule mama wa kliniki anakijua.

Usiku ule Remmy akaimba Mambo kwa Soksi. Ulikuwa wimbo wa mwaka 1990. Soksi ni kondomu. Radio Tanzania haikuupiga, ulionekana ni wa aibu. Kwa hiyo mama yangu, mtu wa Ufipa, mke wa mtu, mama wa watoto wanne, hakuwa amewahi kuusikia. Anasema watu walipiga kelele kwa furaha, wanawake wanacheka wamefunika midomo kwa khanga, naye akacheka mpaka machozi. Hakuwa amecheka wiki tatu.

Njiani kurudi akanyamaza. Akamwuliza yule ndugu, "Huu ugonjwa anaousema, dalili zake zikoje?" Ndugu akamwambia. Kukonda. Kuharisha kusikokwisha. Vidonda mdomoni. Mume kutangulia.

Mama akasimama barabarani, akakaa chini kwenye mchanga.

Niwape historia kidogo hapo, kama nesi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia mwaka 1986 mikoa yote ya bara ilikuwa imeripoti wagonjwa, na sisi Rukwa ndani. Lakini kuripotiwa kwenye mafaili ni jambo moja, na mama wa Katandala kuambiwa ni jambo lingine. Madaktari wengi wakati ule waliogopa kutamka. Dawa zenyewe hazikuwepo. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, miaka kumi na tatu baada ya usiku ule.

Mama yangu mdogo alirudishwa nyumbani, akafariki mwaka 1992. Lakini kabla hajafa, mama alifanya mambo mawili. La kwanza, alikwenda kwa yule wifi aliyekuwa anaitwa mchawi, akaingia ndani kwake mchana watu wakiona, akala chakula chake. Mwaka mzima hakuna aliyemgusa yule mzee. La pili, alimkalisha baba yangu. Baba alikuwa dereva wa lori la mahindi, Sumbawanga, Tunduma, Mbeya, analala njiani siku nne siku tano. Mama akamwambia alichokisikia Dar, na neno soksi akalitamka mbele yake.

Baba alikasirika wiki nyingi. Majirani wakasema ameharibiwa na Dar, amekwenda kuuguza amerudi na mambo ya dansini. Walikubaliana nini mwishowe? Hiyo ni ya chumbani kwao, sikuuliza na wala sitauliza. Ninachojua ni kwamba madereva watatu aliokuwa anaongozana nao baba kwenye barabara ile wote walizikwa kabla mimi sijamaliza sekondari. Baba yangu yupo, ana miaka zaidi ya sabini, asubuhi hii kanipigia simu kulalamika kuhusu bei ya mbolea.

Na mimi nikawa nesi. Mkiniona natamka majina ya vitu bila kupepesa macho pale kliniki, mjue nimejifunza kwa nani.

SEHEMU YA 5: SIKU HIZI UKUMBI UMEBADILIKA

Wengine mmeniandikia mnasema nimewaliza. Poleni. Tuendelee na safari.

Mwaka 1994 mambo yakabadilika. Redio za watu binafsi zikaanza, televisheni ikaanza bara. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa au yanakufa, na bendi zake zikabaki yatima. Vijana wakaanza kuimba kwa kompyuta, bongo fleva ikazaliwa, na mtu mmoja mwenye kipaza sauti akaweza kujaza ukumbi bila mpiga gitaa hata mmoja.

Dansi haikufa. Mwaka 1998 ikaja African Stars, Twanga Pepeta, yenye wacheza shoo na marapa, ikashika Kinondoni na jiji zima. JUWATA ikawa OTTU, kisha ikabaki na jina lake la mtaani, Msondo Ngoma. Gurumo aliimba mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2014. Cosmas Chidumule wa Sikinde aligeukia nyimbo za Injili, na Remmy mwenyewe mwishoni mwa maisha yake akafanya hivyo hivyo. Alifariki Desemba 2010.

Kwa hiyo mama yangu kijana wa kliniki, jibu lako la swali la kwanza, "niende wapi", sitakupa jina la ukumbi mmoja, kwa sababu ratiba hubadilika na mimi niko Katandala. Nitakupa namna ya kuchagua, ile ile ya mwaka 1980, nimeiongezea ya leo.

Moja. Uliza: wanapiga laivu au pleibeki? Umesema unataka kumwona mtu anapiga gitaa. Onyesho kubwa lenye mabango barabarani linaweza kuwa msanii anaimba juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa. Siyo kosa, lakini siyo ulichokitaka. Bendi za dansi na vikundi vingi vya taarabu hupiga kwa vyombo. Mpigieni simu mwenye ukumbi siku hiyo hiyo mchana, mwulizeni waziwazi.

Mbili. Uliza nani yupo leo. Wanamuziki bado wanahama, kama enzi za Gurumo. Jina la bendi likiwa kwenye bango haina maana mwimbaji unayempenda yumo.

Tatu. Uliza jukwaa linaanza saa ngapi kweli, siyo saa ya tangazo. Wimbo wa dansi unaanza polepole, hadithi inaimbwa, halafu unachemka magitaa yakijibizana. Usiku nao ni hivyo hivyo, bendi huanza taratibu na kuchemka baadaye sana. Mama anayenyonyesha hawezi kungoja saa nane za usiku. Tafuta maonyesho ya Jumapili mchana au jioni, yanakuwa na familia na unarudi mapema.

Nne. Usafiri wa kurudi upangwe kabla ya kwenda. Msichague ukumbi wa Mbagala mkiwa mnalala Sinza kwa sababu tu bango ni zuri.

Tano. Kaeni mbali na spika. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya kumbi za muziki, kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Huna kipimo, najua. Kipimo chako ni hiki: kama unalazimika kupiga kelele ili mume aliye karibu nawe akusikie, sogeeni nyuma. Masikio yakivuma mpaka kesho yake, yameumia. Na mtoto mchanga asipelekwe kabisa kwenye spika, hata mgongoni, hata akiwa amelala.

SEHEMU YA 6: NA MTOTO JE? NA MAMA MKWE JE?

Niliahidi chanjo na uji vitaingia. Haya.

Mtoto wa miezi saba anakula. Mwachie wifi uji wake na chakula alichozoea, usimjaribishie vitu vipya siku hiyo. Kamua maziwa kabla hujatoka, kwenye chombo kilichochemshwa, yaingie kwenye friji hapo hapo. Katandala ukisahau maziwa mezani baridi inakusaidia kidogo, Dar haikusaidii. Mnyonyeshe vizuri kabla ya kuondoka, na ukirudi mnyonyeshe tena. Pombe acha, usiku mmoja wa soda hauui.

Chandarua ni lazima. Mtoto aliyezaliwa huku juu kwenye baridi hajazoea malaria kama watoto wa Dar, na mwili wake hauna mazoea ya kupambana nayo. Akipata homa mkiwa huko au wiki za kwanza baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo, na umwambie mhudumu kwamba mlisafiri. Dengi pia imewahi kulipuka Dar, mwaka 2014 na 2019, na mbu wake anauma mchana. Kwa hiyo nguo za mikono mirefu hata jua likiwaka. Kadi ya kliniki ibebe.

Sasa swali la pili. "Mimi ni mama wa namna gani?"

Nimekuona tangu mimba. Nilikuona mwezi wa pili baada ya kujifungua, ulivyokuwa unalia bila sababu, nami nikakwambia urudi kila wiki. Ulirudi. Umevuka. Mama aliyepita hapo akaniuliza habari za gitaa, mimi nafurahi kuliko unavyojua, kwa sababu mtu aliyezama haulizi habari za gitaa.

Najua watakachosema. Dansini ni pa wahuni, mwanamke wa heshima yuko nyumbani. Maneno hayo ni ya zamani, waliambiwa hata akina mama wa lelemama, na waliokwenda kumsikiliza Kida Waziri akiimba Vijana Jazz. Kuna sehemu ya ukweli ndani yake: kumbi nyingine zina ulevi, mikono ya watu haitulii, usiku si salama. Ndiyo maana nimekwambia mchana wa Jumapili, mume pembeni, usafiri umepangwa. Lakini muziki wenyewe usiuogope. Nyimbo za dansi zetu zimeimba habari za ndoa, wakwe, yatima, wazazi waliosahaulika mjini, mshahara usiotosha. Ukikaa ukasikiliza maneno utajikuta umo.

Na mama mkwe akiuliza, mwambie ukweli, usimfiche. Uongo mdogo wa safari ukigunduliwa unakuwa mkubwa. Mwambie tulimwacha mtoto kwa shangazi yake saa nne, tukaenda kusikiliza bendi, tukarudi.

Juzi nilimsomea mama yangu yote haya kabla sijayaweka hapa. Alikuwa anachambua maharage. Nikamwuliza, mama, ungechagua Sikinde usiku ule ingekuwaje? Akafikiri kidogo. Akasema, "Ningecheza vizuri zaidi. Matimila walikuwa wanakimbiza." Kisha akarudi kwenye maharage yake.

Akaongeza kitu kimoja nimfikishie yule mama kijana: abebe koti. Basi la kurudi linaingia Sumbawanga usiku, na mtoto akitoka kwenye joto la Dar kuja kwenye baridi yetu, atashtuka.

Safari njema. Kliniki ni Jumanne kama kawaida. Ukirudi uje na kadi, na unisimulie nani alipiga gitaa.

Nesi wenu, Katandala.